Kusajili Anwani Si Kumiliki Jina

Kijana wa Garissa anayetaka kuuza mifugo au maziwa ya ngamia kwa njia ya intaneti huanza kwa kutafuta jina la tovuti. Akilikuta halijachukuliwa hulilipia, na tangu siku hiyo hudhani kwamba jina hilo ni milki yake. Dhana hiyo ni potofu, na yaweza kumgharimu biashara nzima.

Madaftari ni mawili. Anwani zinazoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC, ilhali alama za biashara husajiliwa na KIPI, taasisi ya serikali. Nafasi katika daftari la kwanza haithibitishi lolote kuhusu la pili. Kwa anwani za .com, kanuni za ICANN za mwaka 1999 humruhusu mwenye alama kuidai anwani akithibitisha mambo matatu: kwamba inafanana na alama yake kiasi cha kukanganya, kwamba mwenzake hana haki katika jina hilo, na kwamba aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Kijana mwaminifu aweza kuponea hapo; lakini akishtakiwa mahakamani kwa kuingilia alama ya mwingine, nia njema pekee si kinga.

Hapa ndipo isimu inapohusika. Kompyuta hulinganisha herufi. Sheria hupima pia sauti na maana. Kwa kompyuta, "Safarikom" na "Safaricom" ni majina mawili. Kwa sikio la mnunuzi ni moja. Kaskazini Mashariki tatizo hili ni zito zaidi. Kisomali, kilichopewa rasmi hati ya Kilatini mwaka 1972, huandika Cabdi na Xasan pale tunapoandika Abdi na Hassan. Isitoshe, hakina sauti p, hivyo "Pepsi" huwa "Bebsi". Anayebuni jina kwa kufuata matamshi ya kwao aweza kuangukia alama ya mwingine pasipo kukusudia.

Je, tukimbilie maneno ya kawaida? Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" nchini humo. Wakenya walipinga, na mwaka 2008 ombi hilo likaachwa. Lakini kampuni ya Disney ilisajili "Hakuna Matata" nchini Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya mavazi. Malalamiko makubwa ya umma yalizuka mwaka 2018, miaka 15 baadaye. Ni dhahiri basi kwamba neno lililo la kila mtu vinywani mwetu laweza kuwa alama ya mtu mmoja ugenini.

Walimu wetu wawafunze wanafunzi utaratibu huu: litamke jina kwa sauti, liandike kwa tahajia zote zinazowezekana, ya Kisomali, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kisha zitafute zote katika rejesta ya alama kabla ya kulipia anwani. Anayenuia kuuza nje atafute katika rejesta za huko pia. Majuto ni mjukuu, na bango likishapakwa rangi, kubadilisha jina ni kuanza upya.