Vilebu wa Njia Panda
Juma hili, pale njia panda ya Ukunda ielekeapo Diani, nilimwona kijana akinadi vilebu ndani ya boksi, macho yao yamefumbuka juzi tu, wakililia ziwa la mama. Nami moyo uliniuma, kwani mwana wa mbwa hastahiki kutengwa na mamaye kabla ya majuma 8, muda ambao hunyonya, huzoea chakula, na kwa kuchezeana na nduguze hujifunza kujizuia kung'ata. Aliyekatiziwa malezi hudai haki yake kwa meno. Amzalishaye jike kila atakapo dume, bila mapumziko wala chanjo, huyo si mfugaji bali dhalimu, na sisi tununuao kwa huruma ndio tumpao rasilmali; anunuaye na aombe kwanza kuonyeshwa mama.