Bukavu: Chombo cha anga cha karatasi si mchezo, ni somo

Siku ya Jumatano, tarehe 11 Februari 2015, saa tisa na dakika 40 alasiri kwa saa za Bukavu, roketi ya Vega iliondoka Kourou, katika Guyane ya Ufaransa, ikibeba chombo kisicho na mabawa wala mtu ndani. Chombo hicho kinaitwa IXV, nacho ni cha Shirika la Anga la Ulaya, ESA. Kilivuka bahari ya Atlantiki, kikapita juu ya Afrika, na vituo vya Libreville nchini Gabon na Malindi nchini Kenya vikawa vinapokea habari zake. Anayetazama ramani anaona mara moja ni nchi gani iko kati ya miji hiyo miwili. Baada ya dakika kama 100 kilishuka kwa miavuli katika bahari ya Pasifiki, kikiwa kizima.

IXV kilikuwa chombo cha majaribio. Kilitumwa ili wahandisi wajifunze namna ya kurudi kutoka angani bila kuungua, na waliyojifunza yanatumiwa kutengeneza Space Rider, chombo kilichopangwa kwenda na kurudi mara nyingi.

Chombo kama hicho kinaweza kuingia katika darasa lolote la sekondari hapa mjini kwa karatasi chache ngumu, mkasi, rula na gundi. Shule nyingi hazina maabara. Mwalimu wa fizikia anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili katika kaye, kisha wanangoja mtihani. Mzazi analipa karo miaka yote ya sekondari, mtoto anatoka na diploma ya hesabu na fizikia, lakini hajawahi kupima kitu, kukikata na kuona kama vipande vinakutana. Hapo ndipo karatasi inaweza kusaidia, na wanaosema kwamba huo ni mchezo wa kupoteza wakati wanakosea.

Tuanze na hesabu. IXV kina urefu wa mita 5, upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.5. Mwanafunzi akigawa kila kipimo kwa 20 anapata sentimita 25, 11 na 7.5. Hicho ni kitu cha kushika mkononi. Sasa mwalimu aulize: kama urefu umegawanywa kwa 20, karatasi ya kufunika mwili mzima imegawanywa kwa ngapi? Wengi watajibu 20. Jibu ni 400, kwa sababu urefu na upana vyote vimepungua. Na nafasi ya ndani imegawanywa kwa 8,000. Chombo cha kweli kilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,845. Kifano cha kipimo hicho, kama kingekuwa kimejaa vyuma na vyombo vyote kama cha kweli, kingekuwa na uzito wa gramu 230 hivi. Mtoto aliyefanya hesabu hiyo kwa kitu anachokijenga mwenyewe haisahau siku ya mtihani.

Kuna pia somo la kutokuamini mashine. Michoro ya kukata na kubandika ya vyombo vya anga inapatikana bure kwenye intaneti, na ofisi za fotokopi zinaitoa kwenye karatasi. Mara nyingi mashine inapunguza mchoro kidogo ili uingie vizuri kwenye ukurasa. Ukurasa mmoja ukipunguzwa na mwingine usipunguzwe, vipande havitakutana kamwe. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya mkasi, ni kupima kwa rula. Fundi wa mbao anajua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi. Mwanafunzi naye anapaswa kulijua.

Kisha inakuja pua ya chombo, ambayo inasumbua kila mtu. Karatasi inakubali kukunjwa upande mmoja, kama bomba. Haikubali kupinda pande mbili kwa mara moja, kama mpira. Ili kupata pua ya mviringo ni lazima kukata meno membamba na kuyaleta pamoja, kama fundi wa nguo anavyofanya mahali ambapo kitambaa kinapaswa kufuata mwili. Kwa sababu hiyohiyo ramani ya dunia kwenye ukuta wa shule haiwezi kuwa sahihi kila mahali. Mtoto akiharibu pua mara mbili, ya tatu itamfundisha jiografia.

Kifano kikimalizika, kinaleta maswali chenyewe. Kwa nini tumbo ni bapa na mgongo umeinuka? Kwa sababu mwili wenyewe unafanya kazi ya bawa: unarudi ukiinua pua, hewa inausukuma kutoka chini, na mapezi mawili ya nyuma yanasaidia kuuelekeza. Kwa nini tumbo na pua vililindwa na vifaa vya aina ya kauri? Kwa sababu kiliingia katika hewa kikienda kilomita 7.5 kwa sekunde moja, na joto lililotazamiwa lilikuwa karibu digrii 1,700. Kwa mwendo huo, Ziwa Kivu, lenye urefu wa kilomita karibu 90, lingepitwa lote kwa sekunde 12.

Wako wanaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Lakini huko Menkao, karibu na Kinshasa, mhandisi Mkongomani Jean-Patrice Keka alirusha roketi zake za Troposphère, na si zote zilizofaulu. Kushindwa kwa mtu aliyepima kunafundisha kuliko kufaulu kwa aliyenakili.

Wengine wanasema mwalimu hana mshahara wa kutosha, na karatasi ni pesa. Hilo ni kweli, na si haki kumtwika mwalimu gharama hiyo. Komite ya wazazi na prefe wanaweza kuweka karatasi ngumu katika bajeti ya muhula, mchoro mmoja kwa wanafunzi wanne au watano. Gundi inaweza kupikwa kwa unga wa muhogo. Biki iliyokwisha wino inatosha kuchora mstari wa kukunjia bila kupasua karatasi. Maboksi ya maduka yanafaa kwa mifupa ya ndani.

Karatasi haitachukua nafasi ya maabara, na wakuu wa elimu wasijifiche nyuma yake ili wasijenge. Maabara bado ni deni. Lakini mtoto aliye darasa la nne leo hatangoja deni lilipwe. Atamaliza masomo yake kabla. Basi kabla muhula huu haujaisha, kila shule yenye darasa la hesabu na fizikia itoe alasiri mbili: moja ya kupima na kukata, nyingine ya kubandika na kuulizana. Na mwalimu atoe alama kwa vipimo, si kwa uzuri wa rangi.