Giaboksi Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, katika mkoa wa Tanga, kipo kijiji cha Ushongo, chenye ufuko mrefu wa mchanga na minazi. Njia za huko hujaa madimbwi wakati wa masika, na wakati wa kiangazi magurudumu huzama katika mchanga mkavu. Katika mazingira hayo pikapu si chombo cha anasa. Ndiyo ibebayo samaki na barafu, nazi, saruji na wageni wa hoteli za ufukoni. Na mgonjwa anapozidiwa usiku, ndiyo humkimbiza hospitali. Pikapu ikisimama kwa juma zima, kazi za watu wengi husimama pamoja nayo.

Tangu masharti ya biashara yalipolegezwa katika miaka ya 1980 na 1990, magari yaliyokwisha kutumika Japani yameingia nchini kwa wingi, na gia za otomatiki, ambazo zamani zilikuwa nadra, zimekuwa jambo la kawaida hata vijijini. Pamoja nazo umeingia ugomvi mpya kati ya wenye magari na mafundi. Injini huunguruma lakini gari haliendi. Au gari hutetemeka. Au gia hugoma kubadilika. Aghalabu hukumu hutolewa papo hapo: giaboksi imekufa, inunuliwe nyingine. Mwenye gari hukopa au huuza mali yake, giaboksi iliyotumika huletwa kutoka mjini na kufungwa, na pengine baada ya miezi michache maradhi hurudi yale yale. Hukumu ya namna hiyo ni kosa la njia ya kufikiri kabla ya kuwa kosa la ufundi, nalo laweza kusahihishwa kwa gharama ndogo.

Giaboksi ya otomatiki haina miujiza. Kati yake na injini hakuna klachi ya kukanyagwa; pana chombo cha duara kilichojaa oili, na ndani yake mna mapanga yaliyoelekeana. Mfano wake ni mapangaboi mawili yaliyowekwa uso kwa uso: la kwanza likizungushwa na umeme, upepo wake hulizungusha la pili lisilo na umeme. Hapa kazi ya upepo hufanywa na oili. Nyuma ya chombo hicho zimo gia, pamoja na klachi nyembamba nyingi zinazobanwa kwa nguvu ya oili inayosukumwa na pampu. Vali ndizo zinazoamua oili iende wapi. Katika magari mengi yaliyoundwa tangu miaka ya 1990, vali hizo huendeshwa na solenoidi, yaani sumaku ndogo za umeme, kwa amri ya kompyuta. Na kompyuta hutegemea habari iletewazo na sensa, kama vile mwendo wa gari na kiasi cha mafuta kinachokanyagwa.

Kwa hiyo milango ya maradhi ni mitatu: oili, umeme, na vyuma vyenyewe. Kuvifikia vyuma ni lazima giaboksi ishushwe na kufunguliwa, kazi iliyo ghali kuliko zote. Yafaa basi vyuma vishukiwe mwisho, lakini mara nyingi ndivyo vinavyoshukiwa kwanza.

Na ichukuliwe pikapu iliyorudishwa nyuma hadi ndani ya maji ya bahari ili kuvuta mashua. Kila giaboksi ina tundu dogo la kupumulia. Hewa iliyomo ndani ikiwa na joto la nyuzi 90 za Selsiasi, kisha ikapoozwa na maji hadi nyuzi 30, hupungua ukubwa kwa takriban sehemu moja ya sita. Nafasi hiyo haina budi kujazwa. Na tundu likiwa chini ya maji, kinachovutwa ndani ni maji ya chumvi. Upo pia mlango wa pili. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupoozwa kwa kupitishwa katika bomba lililomo ndani ya rejeta. Visima vya karibu na ufuko aghalabu hutoa maji ya chumvichumvi, na rejeta ikijazwa maji hayo mwaka baada ya mwaka, bomba hilo huliwa na kutu mpaka maji na oili vikutane.

Dalili yake haihitaji chombo cha kuipimia. Oili njema ya otomatiki, ambayo kwa kawaida ni nyekundu, ikichanganyika na maji hugeuka rangi ya waridi yenye utando kama maziwa. Maji hayo hudhuru gundi inayoshikilia nyuso za klachi, na gari huanza kutetemeka kana kwamba linapita juu ya barabara yenye matuta madogo madogo, hasa likiwa katika mwendo wa wastani na mafuta yakikanyagwa kidogo. Wengi hudhani ni injini au propela. Kipimo kipo: katika barabara iliyonyooka na isiyo na gari nyuma, dereva aguse breki kidogo tu bila kuachia mafuta. Katika magari mengi kitendo hicho huiachisha klachi ya kufungia iliyomo ndani ya kile chombo cha duara. Mtetemo ukikoma mara hiyo, mshukiwa amejulikana.

Injini ikipaa bila gari kwenda, swali la kwanza liwe: je, ni katika gia zote, au katika gia moja tu? Ikiwa ni zote, sababu itafutwe katika kitu kinachotumiwa na gia zote, yaani kiasi cha oili, kichujio au pampu. Ikiwa ni moja, itafutwe katika klachi au vali ya gia hiyo. Oili nayo ipimwe kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, gari likiwa mahali tambarare na oili ikiwa katika joto linalotakiwa, kwa sababu oili hupanda ikipata moto, na kipimo cha asubuhi hutofautiana na cha mchana.

Maradhi ya umeme ndiyo hudanganya zaidi. Kompyuta ikikosa habari ya kuaminika, katika magari mengi hulishikilia gari katika gia moja ili kulinda mtambo. Pikapu huondoka kwa uzito, na katika mchanga haitoki. Pengine kilichoharibika ni waya, au plagi iliyoota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, au betri iliyodhoofika. Toyota nyingi za miaka ya 1990 hutoa taarifa zenyewe: taa ya O/D OFF ikimweka bila kuamriwa, fundi huunganisha tundu la TE1 na la E1 katika kisanduku cha kupimia, kisha huhesabu mimweko ya taa hiyo. Namba 62 humpeleka kwenye solenoidi ya kwanza ya gia, na 61 kwenye sensa ya mwendo. Kipande kifupi cha waya kimefanya kazi ambayo wengine wangeifanya kwa kushusha giaboksi nzima.

Wapo wasemao kwamba oili mpya huua giaboksi kuukuu. Imani hiyo haikutoka hewani, kwani wengi wamebadilisha oili na gari likafa baada ya siku chache. Lakini yafaa iulizwe ni kwa nini oili ilibadilishwa. Mara nyingi ilikuwa ni kwa sababu gari lilikwisha kuanza kuteleza. Jambo kutangulia jingine si ushahidi kwamba ndilo lililolisababisha.

Mafundi nao wana hoja yao, na ni ya haki: mteja hataki kulipia upimaji, hutaka kulipia spea anayoiona kwa macho. Tena wenye magari wengine huficha kwamba gari liliingia baharini, na mficha maradhi kifo humuumbua. Hivyo lawama haimwangukii fundi peke yake. Mwenye gari hana budi kueleza ukweli wote: maradhi yalianza lini, baada ya nini, gari likiwa baridi au moto. Fundi naye ayaandike hayo katika daftari, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na alijaribu gari kabla ya kugusa kingine. Vyuo vya ufundi, vikiwamo vya VETA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, vingefanya jambo la maana kwa kuandaa vijitabu vya Kiswahili vyenye mpangilio wa vipimo hivyo, ili fundi wa Pangani asisubiri kufundishwa na uharibifu.

Ipo siku ambapo baada ya vipimo vyote jibu litakuwa kwamba vyuma vimekwisha. Siku hiyo giaboksi na inunuliwe, na mwenye gari atakuwa amejua sababu ya kulipa. Lakini kabla ya nyingine kufungwa, rejeta ikaguliwe na tundu la kupumulia lipandishiwe mpira hadi juu, la sivyo maji yale yale yataiua na ya pili.