Hatukuzaliwa Wote Tarehe 1 Januari

Kuna mchezo umeingia kambini, na unapendwa sana na vijana, hata na watu wa mashirika wanaokuja kuendesha semina. Unaandika tarehe yako ya kuzaliwa kwenye simu, simu inakujibu: siku ile ulipozaliwa, wimbo uliokuwa namba moja duniani ni huu. Watu wanacheka, aliyepewa wimbo mbaya anazomewa, halafu kazi inaanza. Wanasema ni wa kuchangamsha watu tu. Mimi naupinga mchezo huo, na zaidi napinga kitu kilichokaa nyuma yake.

Angalieni kinachotokea kwenye benchi. Nusu ya vijana wanaandika 1 Januari, kwa sababu ndiyo tarehe iliyo kwenye karatasi zao. Wa mwaka 2000 wote wanapewa "Smooth" ya Santana. Wa mwaka 2005 wote wanapewa "Let Me Love You" ya kijana Mmarekani anayeitwa Mario, na wazee waliokaa karibu wakisikia hilo jina wanageuza shingo, wakidhani ni "Mario" ya Franco. Siyo yenyewe. "Mario" yetu ilitoka mwaka 1985, ni santuri kubwa inayokwenda zaidi ya dakika 10, na hakuna mashine itakayokupa kwa siku yako ya kuzaliwa hata kama mama yako alikuwa anaicheza akiwa na mimba yako.

Kwa nini haitakupa? Kwa sababu hilo neno "duniani" ni uongo. Orodha ya Uingereza ilianza tarehe 14 Novemba 1952, gazeti moja la muziki la London lilipoyapigia simu maduka machache ya santuri na kuuliza ni singo zipi zimeuzwa zaidi wiki ile. Wa kwanza kuwa namba moja ni Al Martino. Orodha ya Marekani inayoitwa Hot 100 ilianza tarehe 4 Agosti 1958, na wa kwanza wake ni Ricky Nelson. Basi. Ni hesabu ya nchi mbili. Hakuna duka la Butembo lililopigiwa simu. Hakuna mtu aliyesimama sokoni Mpondwe akahesabu santuri zinazovuka daraja pamoja na maharagwe na vitenge. Wendo Kolosoy aliimba "Marie-Louise" mwaka 1948 kwa lebo ya Ngoma, miaka minne kabla ya hao wa London kuanza kuhesabu, na watu wa mto Congo mzima waliujua wimbo ule. Haukuwahi kuwa "namba moja" popote, maana hakukuwa na aliyeshika kalamu.

Lakini mtaniambia, we mzee, huu ni mchezo tu, kwa nini unapiga kelele? Napiga kelele kwa sababu mchezo unahitaji vitu viwili, orodha na tarehe. Orodha si yetu. Na tarehe pia si yetu.

Wengi wetu tulivuka pale Mpondwe, tukalala Bwera, halafu lori likatupeleka Rwamwanja au Kyaka II. Mahali fulani katika safari hiyo mtu alituuliza siku tuliyozaliwa. Aliyejibu tarehe kamili aliandikiwa. Aliyejibu kwa hadithi aliandikiwa 1 Januari. Hii haifanyiki Uganda peke yake. Msomali aliyehamia Minnesota, Msudani, Mwafghanistan, wote utawakuta na 1 Januari hiyohiyo kwenye karatasi. Unajua nani mwingine anahesabiwa umri wote kwa pamoja tarehe 1 Januari? Farasi wa mbio. Huko Ulaya na Marekani kila farasi wa mbio, awe amezaliwa Februari au Mei, anaongezwa mwaka mmoja siku hiyo ili mashindano yapangwe kirahisi. Kwa farasi hakuna ubaya, farasi hajalalamika.

Nilikaa Bwera miezi kadhaa nikisaidia kutafsiri, kwa hiyo nasema nililolisikia. Mama mmoja wa Beni aliulizwa kuhusu mtoto wake wa kiume. Akajibu: "Huyu alizaliwaka wakati ile Papa Wemba alikufa. Redio ilikuwa inapiga nyimbo yake tu, na mimi nilikuwa nimezala siku tatu mbele." Nikatafsiri. Kijana wa fomu akauliza, "Kwa hiyo hajui?" Akaandika 1 Januari 2016.

Hajui! Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan alfajiri ya Jumapili, tarehe 24 Aprili 2016. Toa siku tatu. Mama yule alitaja siku yenyewe, tarehe 21 Aprili, kwa usahihi ambao wengi wenye vyeti hawana kichwani. Na tarehe 21 Aprili ndiyo aliyozaliwa Elizabeth wa Uingereza, yule ambaye mbuga yetu ya hapa Kasese inaitwa kwa jina lake tangu alipotembelea mwaka 1954. Malkia alikuwa na birthday mbili, ya kweli mwezi wa Aprili na ya serikali mwezi wa Juni wakati hali ya hewa ya kwao ni nzuri kwa gwaride. Mtoto wa Beni aliyezaliwa siku moja naye hakupata hata hiyo moja.

Sasa tufike kwenye maumivu. Chukua msichana aliyezaliwa mwisho wa Novemba 2008. Kwenye karatasi ni 1 Januari 2008. Kwa hiyo tarehe 1 Januari 2026 mfumo unamwita mtu mzima, wakati bado ana miaka 17 na mwezi mmoja. Karibu miezi 11 ya utoto imekatwa. Katika miezi hiyo 11 hahesabiwi tena kwenye huduma za watoto. Mwanaume aliyekuwa anamngojea anaweza kuonyesha karatasi na kusema, huyu ameshafika. Mimi nimewasikia wanaume wakisema hivyo, wakiwa na karatasi mkononi. Na hapo mwaka uliandikwa sawa. Mwaka ukiwa wa kubahatisha pia, hasara inakuwa miaka. Hata wavulana wa mpira wanajua habari hii, ila wao hufurahi tarehe ikiwapunguzia umri na kulia ikiwaongezea.

Watu wa mashirika, nawasikia mkisema: tufanye nini, mama hana cheti, mfumo haukubali nafasi tupu. Haya. Nyinyi wenyewe mna dawa na mnaitumia kila mwaka. Mnapokuja kupima utapiamlo, mnapofunga ule utepe wa rangi kwenye mkono wa mtoto, mnahitaji kujua kama ana miezi 6 au 59, na hamuandiki 1 Januari kwa sababu hesabu yenu yote ingeharibika. Mnatoa kalenda ya matukio. Mnamuuliza mama: alizaliwa kabla ya mavuno au baada? Kabla ya mpaka kufungwa kwa Korona au baada? Mnachimba mpaka mnapata mwezi. Basi mama yuleyule, kwa ajili ya takwimu zenu anajua mwezi, ila kwa ajili ya karatasi ya mtoto wake anageuka kuwa hajui? Hapo ndipo ninapogombana na nyinyi. Kazi mnaiweza. Mmeiweka tu kwenye meza nyingine.

Na kalenda yetu sisi imejaa muziki, kwa sababu redio ndiyo ilikuwa saa ya ukutani ya nyumba nyingi. Anayesema "mama yangu aliniambia nilizaliwa wakati wa 'Indépendance Cha Cha'" amekupa kitu kigumu. Kabasele na African Jazz waliupiga wimbo ule Brussels wakati wa mkutano wa Meza ya Duara, uliofunguliwa tarehe 20 Januari 1960. Hakuna mtu aliyeusikia kabla ya hapo. Anayesema "wiki Franco alipokufa" amekupa Oktoba 1989, maana alifariki tarehe 12, na Zaïre ikaomboleza siku nne redio ikipiga nyimbo zake. Anayetaja "Loi" ya Koffi Olomide amekupa 1997 au baadaye, na hapo unamuuliza swali la pili: Mobutu alikuwa bado yupo au ameshakimbia? Mobutu aliondoka Kinshasa tarehe 16 Mei.

Muangalie hapo kuna ujanja wa kutumia. Wimbo unakupa mwanzo, haukupi mwisho. Singo ikitoka mwaka 1985 inaweza kupigwa kwenye harusi mpaka leo, kwa hiyo "Mario" inakuambia "si kabla ya 1985" na inanyamaza. Lakini kifo cha mwanamuziki kina siku yake. Kwa hiyo unafunga kwa vitu viwili au vitatu: wimbo, mvua (za Machi hadi Mei au zile za Agosti hadi Novemba), na jina.

Jina! Hapa sisi Wanande na ndugu zetu Bakonzo wa Kasese tunawazidi wengi. Paluku wa Butembo ni Baluku wa Bwera, ni mtoto wa kwanza wa kiume. Kambale ni Bwambale, wa pili. Kasereka ni Masereka, wa tatu. Kakule ni Kule, wa nne. Katembo ni Thembo, wa tano. Masika ni binti wa kwanza, pande zote mbili za mto Lhubiriha. Muhindo anakuambia kwamba kabla yake walikuwa wanazaliwa wa jinsia nyingine. Kwa hiyo fomu ikionyesha Kasereka ni mkubwa kuliko Kambale, mama yao mmoja na baba yao mmoja, fomu ndiyo imekosea, si familia. Nimeiona fomu ya namna hiyo, na mfanyakazi mwenye jina la Bwambale ameiweka sahihi bila kushtuka. Kweli bwana?

Watu wengine duniani wanahesabu kwa njia zao na hakuna anayewaita wajinga. Waghana wa Kiakan wanampa mtoto jina la siku ya wiki: Kwame ni wa Jumamosi, ndiyo Nkrumah, na Kofi ni wa Ijumaa, ndiyo Annan, aliyekuwa mkuu wa Umoja wa Mataifa wenye hayo mahema yetu. Korea Kusini mtu alihesabiwa mwaka mmoja siku anapozaliwa, na mwaka mpya ukiingia wote wanaongezwa mmoja. Sheria yao ya kuhesabu kwa birthday ilianza kazi tarehe 28 Juni 2023 tu, juzi hapa. Tofauti na sisi ni kwamba Wakorea waliongezana miaka wenyewe, kwa mila yao, na wazazi walibaki wanaijua siku.

Hata huko Marekani, siku ya kuzaliwa mtu mmoja ilipiganiwa. Martin Luther King alizaliwa tarehe 15 Januari 1929. Alipouawa, watu walidai siku yake iwe sikukuu, wakazungushwa miaka 15. Stevie Wonder akatunga "Happy Birthday" kwa ajili ya dai hilo. Kama singo, mwaka 1981, ilifika namba mbili Uingereza, na Marekani hawakuitoa kabisa kama singo. Sheria ilisainiwa Novemba 1983. Vijana wetu wanaupiga wimbo huo kwenye keki bila kujua kwamba ni wimbo wa madai.

Na nyinyi vijana, msidhani nimewasahau. Birthday yenu ni kumwagia mtu ndoo ya maji mgongoni, wakati dada zenu wamepanga foleni na madumu tangu alfajiri. Hiyo tuiache leo. Kinachoniudhi ni pale kijana anapomwambia mama yake mbele ya wageni, "Mama hakusoma, hajui siku aliyonizaa." Ulimuuliza? Ulimuuliza vizuri, jioni, au ulimuuliza mara moja tu ulipotaka tarehe ya kuweka kwenye simu? Zile santuri ndogo za mizunguko 45 zilikuwa fupi kuliko nyimbo zetu, kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa katikati, maneno upande wa kwanza, na gita na sebene upande wa pili. Ukimsikiliza mama dakika mbili ukaondoka, umesikia upande wa kwanza tu.

Mtasema pia kwamba tukikubali hadithi, watu watadanganya. Wapo watakaodanganya. Lakini 1 Januari nayo si kweli, na tofauti yake ni kwamba tunaijua wote, anayeandika na anayeandikiwa, na bado inapigwa muhuri. Mimi siombi tarehe ya dhahabu. Naomba mwezi, na neno "makadirio" mbele yake, na mstari mmoja wa kueleza yalitoka wapi. Naomba yule wa mezani Bwera awe na ukurasa mmoja wa matukio, kama ule wa wenzake wa utepe. Na wale walioandikwa zamani wapewe siku ya kurekebisha, kabla ya kufika 18, si baada.

Ukurasa huo tunaweza kuuanza wenyewe. Tayari kuna Januari 1960, Oktoba 1989, Mei 1997. Kuna Nyiragongo, tarehe 17 Januari 2002 na tena 22 Mei 2021. Kuna Oktoba 2014, mauaji ya Beni yalipoanza. Kuna 24 Aprili 2016. Kuna 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa kule Mangina. Katikati pana mashimo makubwa, hasa miaka ya 1990, na huko ndiko walikozaliwa baba na mama wengi wa kambi hii. Mwenye santuri, mwenye kaseti yenye mwaka ulioandikwa kwa kalamu, mwenye kumbukumbu ya wimbo uliokuwa unapigwa Kasindi mwezi fulani, alete kwa wahariri kabla ya toleo lijalo. Aanze kwa kumuuliza bibi yake.