Bi Harusi, Tia na Viatu vya Mbio Sandukuni



Sanduku la bi harusi wa visiwani tunalijua. Doti za kanga, madera, udi, liwa, mkufu wa bibi, na juu kabisa msala mpya. Leo tunaomba nafasi ndogo pembeni mwa sanduku hilo: pea moja ya viatu vya mbio. Msitucheke kwanza. Wazo hili tulilipata mbali na bahari, Tabora, tulipokwenda kumtembelea ndugu yetu aliyeolewa huko.

Jumamosi, baada ya Alfajiri, tulitoka wanawake watupu, mabaibui mepesi juu ya suruali pana, mitandio imebanwa vizuri. Tukashika njia ya kuelekea Kwihara, nje kidogo ya mji. Tabora iko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi tuliozoea upepo wa pwani pumzi zilitukata mapema. Wenyeji wetu walikuwa wakiongea na kucheka huku wanakimbia. Sisi tulikuwa tunasema "subhanallah" tu, tena nusunusu. Tukapunguza mwendo, tukatembea, tukakimbia tena, mpaka tukafika kwenye tembe.

Tembe la Kwihara ni nyumba ya udongo yenye kuta nene, na leo ni makumbusho. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa hapo, na wageni wengi huenda kwa ajili ya hao wawili. Sisi tuliwaza watu wengine.

Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo, ng'ambo tu ya kisiwa chetu, ikapita Ugogo, ikaingia Tabora, kisha ikaenda hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Kabla reli haijafika mji huo mwaka 1912, mpagazi wa Kinyamwezi aliikata njia hiyo kwa miezi miwili, mitatu au zaidi, mzigo wa kilo thelathini na kitu begani. Wanawake walikuwamo. Wengine walifuatana na waume zao, wamebeba vyungu, mikeka na watoto. Wakifika kambini, mwanamume anatua mzigo, mwanamke anakwenda kutafuta kuni na maji na kuinjika chungu. Na wengine walipita njia hiyo hiyo wakiwa wamefungwa, wakipelekwa sokoni Unguja. Hili tusilifiche: sehemu kubwa ya mali ya kisiwa chetu ilikuja kwa miguu ya watu hao. Kwa hiyo sisi kukimbia pale kwa hiari yetu, tumeshiba, tumevaa viatu, na jioni tunarudi nyumbani, ni neema. Na neema hutakiwa shukrani.

Ndiyo maana tukisikia mtu anasema mwanamke hakuumbiwa masafa marefu, tunamshangaa. Bibi Hajar alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara saba akimtafutia mwanawe maji, na hadi leo kila anayehiji anafuata nyayo zake. Bibi Aisha, Allah amridhie, alishindana mbio na Mtume, rehma na amani zimshukie. Na walishindana wapi? Safarini! Mtume aliwaambia watu wa msafara watangulie mbele, kisha akakimbia na mkewe, na Bibi Aisha akashinda. Baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, safari hii akashindwa, na Mtume akacheka na kumwambia kuwa sasa wamelipana. Hebu fikirini: kiongozi wa umma anausogeza msafara mzima ili apate kucheza mbio na mkewe. Anayetuambia mbio ni uhuni, kwanza aipitie hadithi hii.

Na katika zama zetu, mwaka 2024 mjini Paris, Sifan Hassan, Muislamu aliyezaliwa Ethiopia na anayekimbilia Uholanzi, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki, kilomita 42 na ushei, baada ya kupata medali za shaba za mita 5,000 na 10,000 siku chache tu nyuma. Akapanda jukwaani kuchukua dhahabu yake amevaa hijabu.

Sasa turudi kwa bi harusi wetu. Tunavyoona sisi, mambo mawili yanamdhuru. La kwanza ni kujinyima chakula. Gauni limeshashonwa, kiuno hakiingii, basi wiki tatu za mwisho ni chai kavu na vidonge vya kupunguza tumbo alivyonunua asikokujua. Tumeshamwona bi harusi akizirai wakati anapambwa. La pili linakuja baada ya fungate: mwili unasahauliwa kabisa. Ndoa, mimba, kulea, kazi, na akifika miaka thelathini na tano, ngazi ya ghorofa moja inamtoa jasho. Mwili ni amana na una haki juu yetu. Hatukupewa kwa ajili ya siku moja ya picha.

Kwa hiyo hatusemi kimbia upungue. Tunasema kimbia upate pumzi ya safari ndefu, maana ndoa nayo ni safari ndefu. Anza kwa kutembea dakika nne na kukimbia moja. Mwendo sahihi ni ule ambao bado unaweza kuongea na mwenzako. Mbio ndefu ya wiki iwe moja tu, Jumamosi au Jumapili, na uiongeze kidogo kidogo. Nenda na wenzako, katika njia iliyo salama. Mwenye presha, upungufu wa damu au ujauzito amwone daktari kwanza.

Na chakula? Tabora ilitufundisha tena. Inasimuliwa kuwa jina la mji lenyewe limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke. Kilikuwa chakula cha safari: chepesi kubeba, hakiozi haraka, kinashibisha. Tuliporudi kutoka Kwihara, tulinywa uji wa mtama kwanza. Mchana tukala ugali, uyoga ulioungwa kwa karanga, mlenda, maharage na kuku wa kienyeji wa mchuzi mwepesi. Matobolwa tukayala jioni na karanga. Mafuta yalikuwa kidogo sana, na hakuna aliyelalamika.

Asali ya misitu ya miombo haikukosekana mezani. Allah ametutajia katika Suratun Nahl kuwa ndani ya asali mna ponyo kwa watu, nasi tunaamini. Lakini asali ni tamu, na kijiko kimoja kinatosha. Mtoto asiyetimiza mwaka asipewe kabisa. Mtume alitufundisha tumbo ligawanywe: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Biriani yetu hatuiachi, wallahi. Ila isiwe kila wikiendi, na sahani isiwe mlima.

Kuna jambo moja tuliliona jikoni kule ambalo ndilo hasa lililotufanya tuandike. Tuliporudi tumechoka, shemeji yetu alikuwa ameshachota maji, amewasha mkaa na kubandika uji. Alifanya kimya kimya, bila kutaka kusifiwa. Tukawakumbuka wale wanawake wa msafara, waliotembea kutwa kisha wakaanza kazi ya pili wenzao wamepumzika. Wikiendi ya mbio na chakula kizuri cha nyumbani haiwi raha ikiwa mwanamke anakimbia alfajiri kisha anapika peke yake mpaka adhuhuri. Hiyo inakuwa kulipishwa faini ya kukimbia. Mtume mwenyewe alikuwa akiwasaidia ahli zake kazi za nyumbani. Kijana wetu naye ataweza kuwasha jiko.

Basi wewe uliyeposwa, hili lizungumze kabla ya nikaha, kwa adabu na kwa uwazi, kama unavyozungumza mahari na mahali pa kuishi. Mwambie: Jumamosi asubuhi nakimbia na dada zangu, na chakula cha siku hiyo tunasaidiana. Akikubali kwa moyo mmoja, umepata mwenza wa msafara. Akicheka kwa dharau, bora umjue leo kuliko baada ya fungate. Nanyi masomo na mashangazi, mnapomfunda bi harusi, pamoja na kumfundisha kumpendeza mume, mfundisheni na kuutunza mwili wake.

Allah atupe afya, atupe wenza wa kheri, na awarehemu wote waliopita njia ile na mizigo isiyokuwa yao. Aamin.