Masta ya kuchoma sindano?

Wiki hii tena nimekuja na ya nyumbani kwetu. Najua wapo wanaosema nina mdomo, kwamba kila kinachotokea kwetu lazima kifike gazetini. Sasa mlitaka niandike ya nyumbani kwa nani?

Basi bwana, kuna mama mmoja jirani yetu, anauza vitumbua pale kona. Asubuhi moja alimkuta dada yangu barazani, bahasha kubwa la vyeti mapajani. Akamuuliza, "Dada nesi, vipi tena, unatafuta kazi?" Dada akamjibu hapana, anaomba chuo, anataka kusoma shahada ya uzamili.

Yule mama akashika kiuno. "Uzamili ndiyo masta? Masta ya kuchoma sindano?"

Mimi nilicheka mpaka nikamwaga chai. Dada hakucheka.

Ngoja niwaeleze. Mtaani kwetu kila anayevaa gauni jeupe ni nesi, basi, yamekwisha. Kumbe wenyewe wana ngazi zao. Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, na unaingia kwa cheti cha kidato cha nne ukiwa na D nne kwenda juu, zikiwemo za kemia, baiolojia na fizikia. Wapo wa shahada, kama dada. Yeye alisoma PCB kidato cha sita, akaomba udaktari, pointi zikagoma, akapangiwa uuguzi. Akalia wiki nzima, kisha akaenda. Miaka minne ya chuo kikuu, mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, halafu Baraza la Uuguzi na Ukunga likampa usajili na leseni. Sasa ana miaka saba kazini, chumba cha wagonjwa mahututi.

Juu ya hapo ndiyo kuna hiyo masta. Pale Muhimbili wanafundisha ya wagonjwa mahututi na majeruhi, ya ukunga na afya ya wanawake, hata ya afya ya akili. Miaka miwili. Dada anaitaka ya mahututi na majeruhi.

Mnajua mimi nimeishia kidato cha nne. Lakini kwa vile naandika gazetini, nyumbani nimekuwa karani wa ukoo. Kadi za michango ya harusi, mimi. Wasifu wa marehemu, mimi. Kwa hiyo na maombi ya masta, mimi tena!

Balaa la kwanza lilikuwa majina. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba. Leseni ina jina la shemeji, maana ilihuishwa baada ya ndoa. Cheti cha kuzaliwa kina herufi moja imezidi, sijui karani wa siku hiyo alikuwa na haraka gani. Ukivipanga mezani unaona watu watatu, mwili mmoja. Ikabidi twende kwa wakili, dada akaapa kwamba wote hao ni yeye, mhuri ukagongwa, mkwanja ukatoka.

Shemeji alipousoma ule mkataba wa kiapo akauliza, "Kwa hiyo jina langu ndilo linakuzuia kusoma?" Dada akasema, "Baba, ni karatasi tu." Shemeji akavaa kandambili akaenda kuangalia mpira. Siku hiyo hapakuwa na mpira.

Ukweli wenyewe ni kwamba shemeji alikuwa na lake rohoni. Wana kiwanja, msingi umeinuka, kuta zimesimama, na pesa ya bati walikuwa wanaidunduliza pamoja. Masta ikiingia, bati linasubiri. Na wanaume wenzake kijiweni walishamtia maneno: mke akiwa na masta, nyumba ina mabosi wawili.

Balaa la pili, watu wawili wa kumsemea chuoni. Mmoja ni mwalimu wake wa zamani, tulimsaka kwa simu siku nne. Wa pili ni metroni wake. Huyu aliisoma fomu kimya, halafu akamuuliza, "Ukienda miaka miwili, zamu ya usiku ananibakia nani?" Dada hakuwa na jibu. Metroni akasaini. Dada alirudi nyumbani mnyonge kama aliyekataliwa. Na bado ruhusa ya mwajiri, maana mtumishi wa umma ukienda masomoni bila ruhusa unahesabiwa mtoro, hata uwe na nia njema vipi.

Balaa la tatu nililileta mwenyewe. Chuo kilitaka barua ya kueleza kwa nini unaomba. Nikasema hapo ndipo kwangu! Nikajifungia chumbani, nikashusha mambo: tangu utotoni nilikuwa na ndoto ya kuwahudumia wanyonge, nilikuwa nawafunga bandeji midoli yangu, na kadhalika. Kitu bomba. Hata mimi machozi yalinilengalenga.

Dada akaisoma mara moja. "Mdogo wangu, midoli ipi? Sisi tulikuwa na midoli?"

"Ni staili tu dada, wote wanaandika hivyo."

"Utotoni nilitaka udaktari. Uuguzi nilipangiwa. Nisije nikaanza kusoma kwa uongo."

Nikanuna. Nikamwambia haya, sema ya kwako. Akaendelea kuchambua mchele, na bila kuniangalia akaanza kusimulia.

Mwaka wake wa pili kazini, usiku, alikuwa na kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa, yuko kwenye mashine ya kupumulia. Mashine ikaanza kulia. "Nilijua kitufe cha kunyamazisha kelele," akasema. "Sikujua inalilia nini." Daktari alikuwa kwa mgonjwa mwingine. Dada akamtoa kijana kwenye mashine, akaanza kumpumulisha kwa mkono kwa ule mpira wao, huku anaita. Mpira ulikuwa mgumu kuubonyeza. Daktari alipofika akagundua mrija umeanza kuziba kwa makohozi, wakauvuta uchafu, kifua kikapanda tena.

Nikauliza, "Alipona?"

"Alipona. Kwa bahati. Leo najua, maana nimefundishwa na makosa. Lakini kila mwaka wanaletwa manesi wapya, na mimi ndiye ninayewafundisha. Nawafundisha nini? Bahati?"

Sikuwa na la kusema. Nikachana barua yangu. Aliandika yake usiku uleule, ukurasa mmoja, haina ndoto wala midoli. Mimi nikarekebisha nukta mbili tatu. Yeye akanirekebishia Kiingereza changu kwenye bahasha.

Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa kituko. Dirisha linafungwa saa sita usiku. Saa tano na dakika arobaini, karatasi ya mwisho inapanda kidogo kidogo, bando likakata. Dada akashika kichwa. Mimi nikaanza kuvaa niwahi kwenye kibanda cha vocha, usiku ule!

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Shemeji katoka na msuli, macho mekundu, kumbe hakuwa amelala. Akaweka simu yake mezani. "Tumieni langu."

Ikapanda. Saa sita kasoro dakika nane tukapata ujumbe kwamba maombi yamepokelewa. Shemeji akauliza, "Sasa bati?" Dada akasema, "Tutaezeka nusu." Wakaangaliana, wakacheka. Mimi nikaenda kulala, mambo ya wakubwa hayo.

Haya, nyie mnaosoma hapa na mna mpango wa chuo, chochote kile, nimewasomea mchezo. Majina yenu yawe yaleyale tangu cheti cha kuzaliwa, na mkiwa kidato cha nne mkague herufi kwa herufi kabla ya kusajiliwa mtihani. Msipoteze namba za walimu wenu. Anzeni mapema, siku ya mwisho mtandao hauna huruma. Na barua andikeni ya kwenu, hata kama jirani yenu anaandika gazetini.

Majibu bado hayajatoka. Dada anaendelea na zamu zake za usiku, anatuaga kama kawaida. Jana yule mama wa vitumbua aliniuliza, "Ile masta vipi?" Nikamwambia tunasubiri. Akanifungia vitumbua vitano, nikalipia vinne.

"Yakitoka uniambie," akasema. "Nami siku hizi presha inanisumbua."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.