Kabla ya kuuliza bei ya kerisi, uliza imetokaje kwao

Leo naomba tutoke kidogo hapa chuoni twende mpaka Java, Indonesia, maana kuna hoja inanikereketa.

Kerisi ni silaha fupi ya Wajava na majirani zao. Wa pwani mtasema ni jambia, lakini siyo. Bapa lake limepanuka upande mmoja pale karibu na mpini. Nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda kama nyoka, na mapindo huhesabiwa kwa namba witiri. Mhunzi hukunja chuma tabaka kwa tabaka pamoja na chuma chenye nikeli, ndipo yanatokea yale mawimbi meupe yanayoitwa pamori. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu wote.

Sasa mtu akitaka kujua kama kerisi ni ya kale, mara nyingi anaanza kushangaa mpini na ala. Jamani! Hivyo hubadilishwa, kerisi ya karne zilizopita inaweza kuvaa ala ya juzi tu. Sisi tunaosomea ualimu tunajua, mwandiko mzuri hauongezi maksi za hesabu. Anza na bapa. Je, pamori imetoka ndani ya chuma, au imechorwa juu kwa asidi? Kile kipande cha chini ya bapa, kinaitwa ganja (acheni kucheka!), kimekaa sawasawa au kimebandikwa kutoka kwenye kerisi nyingine? Kutu nayo isikudanganye, maana asidi inaweza kulizeesha bapa jipya. Hata weusi si umri. Kwa desturi bapa huoshwa kwa ndimu na aseniki, chuma kikawa cheusi na nikeli ikang'aa. Aseniki ni sumu, kwa hiyo ukishika nawa mikono.

Hivyo vyote ni sawa, lakini kwa mtazamo wangu ni nusu ya mtihani. Chuma kitakupa makadirio ya umri na sehemu ilikotengenezwa. Hakitakwambia ilikuwa ya nani, wala ilitokaje mikononi mwake.

Chukua kesi ya mwanamfalme Diponegoro, aliyepigana na Waholanzi kuanzia 1825 hadi 1830. Kerisi yake ilipelekwa kwa mfalme wa Uholanzi mwaka 1831, halafu kwa miaka mingi ikawa haijulikani ni ipi kati ya nyingi zilizokuwa makumbusho. Watafiti waliitambua kwa kufuata barua na maandishi ya zamani, na Machi 2020 ikarudishwa Indonesia. Hapo ubishi ukaanza. Inaitwa Naga Siluman, yaani joka lisiloonekana, sasa baadhi ya wajuzi wakauliza, mbona kwenye bapa joka linaonekana na mwili wake? Wengine wakajibu kwamba jina la heshima la kerisi si lazima lifanane na umbo lake.

Mnaona uzito wake? Huo si ubishi wa wakusanyaji vitu vya kale. Ni taifa linauliza kama lilichorudishiwa ndicho chenyewe. Na kama karatasi zingekuwa zimetupwa, hata hilo swali lisingekuwepo. Mwaka 2023 Uholanzi ilirudisha vitu vingine 478, ikiwemo kerisi ya Klungkung, Bali.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayekupa bei ya kerisi bila kukupa safari yake, kuanzia ilipotoka mpaka ilipofika, hajaitathmini. Amepima chuma tu. Na anayeichomoa kwenye historia yake ili iuzike haraka anaua ushahidi ambao hakuna mhunzi wa kuufua upya.

Najua wapo watakaosema chuma hakidanganyi ila karatasi hudanganya. Kweli, karatasi hughushiwa. Ndiyo maana nasema visomwe vyote viwili, kimoja kimsahihishe mwenzake. Au mnasemaje wadau?